Washirika Wangu Wote Walikuja Kituoni

Leo nimeaibika kituo cha polisi, na nilijipeleka mwenyewe.

Wiki jana mchuuzi alisimamisha pikapu nje ya kanisa letu, hapa kijijini Kalama, akiuza mbegu za mahindi. Mifuko imefungwa vizuri kabisa! Pasta akatuita tutoke tuone. Mimi nikanunua za shamba zima. Asubuhi hii mawingu yametanda, mama yangu ashashika jembe, nafungua mfuko. Kila mbegu ina tundu! Fukusi mmoja akatoka akitembea, naye amepakwa rangi ya kijani kama mbegu zenyewe. (Huyo ndiye pekee aliyekuwa mzima humo ndani.)

Mvua ikinyesha hatuna mbegu, tutakula nini? Mama akaweka jembe chini, akaketi. Hapo uchungu ukanishika. Nikavaa koti la Jumapili nikaenda Machakos mjini kushtaki.

Sasa, mimi ndiye husoma matangazo kanisani, na Kiswahili changu nakiringia. Nikaona polisi niwapelekee maneno ya taarifa ya habari. Redioni kila siku ni mshukiwa, mshukiwa. Nikajiambia mshukiwa ni yule anayeshuku. Na mimi nashuku!

"Afande, habari ya kazi. Mimi ndiye mshukiwa wa mbegu bandia."

Afande wa kaunta akaweka chai chini. "Wewe ndio mshukiwa?"

"Ndio mimi."

"Na umejileta mwenyewe?"

"Nimejileta, afande. Roho imekataa kunyamaza."

(Alinitazama kwa heshima. Nilidhani ni Kiswahili.)

"Mbegu ziko wapi?"

"Sampuli ndiyo hii. Zingine ziko kwangu nyumbani."

"Ulikuwa peke yako ama uko na washirika?"

Hapa nieleze. Huku kwetu mshirika ni muumini wa kanisa. Ukitaja washirika, watu wanafikiria kwaya na chai ya baada ya ibada. Sikujua polisi nao wana washirika wao, wa kula njama.

"Wako wengi sana, afande! Karibu kanisa nzima. Pasta ndiye alituita."

"Pasta?!"

"Na akina mama wa kwaya. Wote walibeba."

Akaniambia nivue viatu na mshipi. Nikavua haraka (nilifikiri ni kuheshimu ofisi). Kuja kushtuka, nimeketi sakafuni nyuma ya kaunta, suruali nimeishikilia kwa mkono.

Afande akampigia pasta simu, akamwambia niko ndani kwa mambo ya mbegu mbovu. Nikashusha pumzi. Pasta atafafanua. Kweli akafika mbio na akina mama wa kwaya.

"Mnamjua huyu?" afande akauliza.

Pasta akatoa kifua. "Sana! Huyu ni mshirika wetu wa kutegemewa. Hata hawa wote ni washirika!"

"Amina!" akina mama wakaitikia.

Afande akageuka kuangalia seli, akipima kama tutatoshea.

Aliyetuokoa ni sajini mmoja, mama Mkamba, aliyetoka ofisi ya ndani aone kelele ni za nini. Akaniuliza kwa Kikamba, polepole, nani aliuza na nani aliuziwa. Nikamweleza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mzee, wewe ni mlalamishi! Mshukiwa ni yule wa pikapu!"

"Yule mwizi," nikasema.

"Hata mwizi si jina yake. Mwizi anachukua ukiwa umelala. Huyu ulimpatia mwenyewe, ukamwambia asante. Hiyo ni ulaghai."

(Ni kweli. Nilimwambia asante, tena mara mbili.)

Akaniandikisha taarifa vizuri, akaahidi kumtafuta yule mlaghai. Nikarudishiwa mshipi. Lakini kabla sijaufunga, Mama Nduku wa kwaya akafungua kiondo chake. Alikuwa na mbegu za kienyeji, zake mwenyewe, alizozihifadhi kwa jivu tangu mavuno.

"Pelekea mama yako apande leo," akasema. "Mvua haiwezi ngojea polisi."

Nilishukuru hadi sauti ikanikauka. Machozi yalitoka, na suruali bado nimeishika! Ninapoandika haya mvua inanyesha, mbegu ziko ardhini, na mama anaimba jikoni. Nawashukuru sana hawa watu.

Ila nawaomba kitu kimoja. Jumapili pasta akisema washirika wote wasimame, mtu asigeuke kuniangalia.