Pua ya Ronnie na Waini ya Signora Rosina

Hakuna pua Doha nzima iliyojua waini kama pua ya Ronnie! Si mimi ninayesema. Ni Ronnie mwenyewe, na alisema hivyo kila mahali: kwenye metro, kwenye foleni ya chai ya karak, hata kwenye basi ya wafanyakazi inayotutoa Muaither, mtaa tunakolala, asubuhi tukiwa bado na usingizi machoni.

"Nafula, mimi nikinusa glasi tu, nakwambia zabibu ziliota mlima upande gani!"

"Anza na soksi zako," nikamjibu. Basi nzima ikacheka, lakini yeye alikuwa ameshageukia dirisha kujitazama.

Ukweli ni huu. Ronnie alikuwa weita kama mimi, kwenye mkahawa wa Kiitaliano ndani ya hoteli, huko ambako pombe inaruhusiwa. Waini aliijua kwa video za simu. Siku moja aliyothubutu kuionja, alikunja uso kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

Basi bosi wetu Paul, Mganda mpole ambaye hata akikufukuza atakuuliza kama umekula, akatuita. Inakuja waini mpya nyeupe, aina mbili za zabibu zimechanganywa, moja ya ukali na moja ya harufu. Inatoka kwa familia moja ndogo ya Italia, shamba lenyewe dogo kuliko la miwa la baba yangu kule Bungoma. Mwenye shamba, Signora Rosina, angekuja mwenyewe kuizindua. Atakayemhudumia vizuri atavishwa beji ya zabibu na kuwa mkuu wa mvinyo.

Unadhani Ronnie alingoja? Jioni hiyo hiyo, ndani ya basi, akampigia mama yake Kakamega, simu ikiwa kwa spika ili tusikie sote.

"Mama, waambie watu wa kanisa nimepandishwa cheo! Mimi ndiye mtaalamu wa mvinyo!"

Mama akapiga vigelegele mpaka dereva akageuka. Kesho yake alikuwa ameshatangaza mbele ya waumini wote. Sasa Ronnie angeikosa ile beji, angerudi Kakamega na uso gani?

Mazoezi yakaanza. Paul alikataa kutoa waini ya kuchezea, kwa hiyo Ronnie akaokota chupa tupu ya ile ile waini, ambayo mpishi na Paul walikuwa wameionja. Akaijaza maji, chai ya rangi kidogo, ndimu na tangawizi, mpaka rangi ikakubali. Na sukari! Ilihitajika ya nini? Lakini Mluhya akigusa majani ya chai, mkono unaenda kwenye sukari wenyewe. Akagongomea kizibo, akanikalisha mezani.

"Kaa kama tajiri, Nafula!"

Nimebeba sahani mchana kutwa, miguu inawaka moto, halafu nikae kama tajiri! Nilikuwa na hasira za kummwagia. Alipomaliza akaiziba tena chupa yake, akairudisha kwenye friji, katikati ya zile za kweli.

"Weka alama, wewe!"

"Mtaalamu haweki alama. Anajua."

Haya. Signora Rosina akafika, bibi mdogo wa mwili, skafu shingoni. AC ya Doha ilikuwa imemmaliza koo, anaongea kwa kukwaruza. Ronnie akatokea na chupa aliyoivisha kitambaa cheupe mpaka shingoni, kama bi harusi. Kizibo, po! Kawaida unammiminia mgeni kidogo aonje. Yeye akajimiminia na yake! Akanusa, akafumba macho.

"Signora, nasikia tofaa bichi. Nasikia mawe yaliyonyeshewa. Nasikia upepo wa mlima wenu!"

Mimi, pale mlangoni mwa jikoni, nilisikia tangawizi. Nikampungia mikono kama kichaa. Ronnie akadhani nampongeza, akainamisha kichwa.

"Na ladha?" akauliza Signora.

Ronnie akameza mara moja, kama dawa. "Zabibu mbili, Signora. Zimeoana!"

Bibi akaonja. Akaonja tena, akamaliza glasi yote. Paul akakivua kile kitambaa taratibu, na kitakoni mwa chupa tukaona majani ya chai yametulia.

"Kijana," akasema Signora, "ile mizabibu baba yangu aliipanda kwa mikono yake. Majani ya chai hakupanda."

Haki ungemwona Ronnie! Alikinyakua kile kitambaa, akajaribu kuivisha chupa tena. Beji ikarudi mfukoni mwa Paul, naye akamuuliza kwa upole kama amekula.

Signora akakohoa, akainua glasi.

"Lakini koo langu limeipenda. Niletee nyingine. Hii hii. Ila ya moto."

Na huo ndio ukawa wadhifa wa Ronnie: kupandisha thermosi chumbani kwa Signora, asubuhi na jioni, mpaka siku bibi atakapopanda ndege.

Juzi kwenye basi simu ikalia. Mama. Ronnie akajisahau, akaiweka kwa spika.

"Mtaalamu wangu! Huyo mwenye shamba anaionaje huduma yako?"

"Anaipenda sana, mama," akasema Ronnie, akinikazia macho. "Hanywi ya mtu mwingine."

Nikasogea karibu na simu.

"Ni kweli, mama, ni Nafula hapa. Anaipenda sana. Anaomba tu sukari ipunguzwe."