Nilivyokufa kwa Ajili ya Kwaya

Jumatatu, 2 Juni 1997

Providence amerudi na karatasi. Kwaya ya shule imechaguliwa kwenda kushindana Sumbawanga. Binti yangu, darasa la sita, ndiye anayeanzisha nyimbo! Sauti hiyo imetoka upande wangu, ingawa mama yake, Générose, anabisha.

Nikasoma hadi chini. Nauli, chakula na sare, shilingi elfu nne kila mtoto. Halafu Mwalimu Mkuu ameongeza kwa mkono: mzazi asiye na uwezo asimzuie mtoto, afike ofisini tuzungumze.

Afike ofisini! Mimi, Gervais! Ni kweli malipo ya tumbaku hayajafika. Ni kweli nyumbani kuna mahindi na mbuzi mmoja anayekohoa. Lakini mwaka jana, kwenye kikao cha wazazi, jirani yangu Cyriaque alipoomba apunguziwe mchango wa madawati, nani alisimama akasema umaskini ni uvivu uliovaa viraka? Mimi. Watu walipiga makofi. Leo niende kukaa kwenye benchi la waombaji? Hapana. Nitafikiri.

Jumanne, 3 Juni

Nimempeleka mbuzi mnadani. Mnunuzi mmoja tu alisimama. Akauliza kama namuuza au natafuta wa kunisaidia kumzika. Tumerudi wote wawili.

Njiani nimemkuta Cyriaque, tope hadi viwikoni. Bila haya yoyote kanieleza kwamba alikwenda kwa Mwalimu Mkuu jana jioni. Wamekubaliana afyatue tofali mia tatu za nyumba ya walimu, na mwanawe ataenda Sumbawanga kupiga ngoma. Anasema hivyo kama mtu aliyepata cheo! Akaniuliza kama mimi nimeshalipa. Nikasema zamani. Limetoka lenyewe.

Jioni Providence alikuwa anatwanga kisamvu huku anafanya mazoezi ya wimbo. Nilisimama nyuma ya nyumba nikasikiliza mpaka akamaliza. Lazima aende.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata! Providence ametaja katika mazungumzo tu kwamba watoto waliofiwa na baba hawadaiwi mchango wowote. Na Mwalimu Kashinje, Mkuu wetu, amehamia hapa Katumba Januari hii. Sura yangu haijui.

Nimeandika barua kwa mkono wa kushoto. Mimi Yohani, baba mdogo wa Providence, nasikitika kuarifu kwamba kaka yangu Gervais amefariki ghafla kwa homa huku Kibaoni alikokuja kutafuta mchele. Naomba mtoto asisumbuliwe na michango. Nilipofika kwenye neno "marehemu" nilijionea huruma kidogo.

Nimemwambia Générose naenda Kibaoni kwenye biashara ya mchele, na kibali cha kutoka makazi ya wakimbizi nimeshachukua. Amenifungia viazi vitamu na kunipa blanketi la pekee tulilonalo. Lakini siendi popote. Nitajificha kwenye bani langu la kukaushia tumbaku, kule shamba la mbali. Mtoto akiulizwa baba yuko wapi, atajibu Kibaoni, na hatakuwa amedanganya. Mimi simfundishi mtoto uongo.

Alhamisi, 5 Juni

Bani lina panya. Viazi vimekwisha. Barua naipeleka kesho, maana mtu hafi siku ya kwanza ya safari. Lazima ipite siku.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika usiku.

Asubuhi, walimu wakiwa kwenye chai, niliidondosha barua dirishani mwa ofisi, nikarudi shambani. Saa nane nikasikia kilio kutoka kijijini. Nikasema maskini, nani tena? Nilikaa. Lakini njaa ilikuwa kali, na kwenye msiba ugali haukosekani. Nikaona nipite kwa nyuma, nijichanganye na watu.

Kilio kilikuwa kwangu.

Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ni mama mkwe. Nikaketi na wanaume kwenye kona, nikainamisha kichwa, nikamnong'oneza aliye karibu nani amefariki. Aligeuka. Akaanguka na kigoda chake.

Mimi niliyeiandika ile barua, jambo hili sikuliwaza hata mara moja: kwamba mwalimu angemwita mtoto. Alimwita. Alimketisha, akamshika bega, akamwambia polepole. Na Providence alikimbia njia yote akiita jina langu.

Nilipotokea hakuna aliyeshangilia. Providence alinitazama kama anayetazama kitu kilichofukuliwa. Kisha akaingia ndani.

Cyriaque alikuwa amesimama na baiskeli. Amefunga mkeka na kamba nyuma, ameshachukua kibali. Alikuwa anakwenda Kibaoni kuuleta mwili wangu. Kwa baiskeli! Siku mbili porini, peke yake. Akasema, "Basi, jirani. Umeniokolea safari." Akaanza kufungua kamba.

Jumamosi, 7 Juni

Mwalimu Kashinje amefika na barua mkononi. Nyuma yake wanafunzi na ndoo za unga, kila darasa limechanga. Hawakuwa wamesikia kwamba nimefufuka. Nikaungama mbele yao wote. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini sikufika ofisini. Alisema angenipa kazi ya kuezeka jiko la shule, siku mbili, basi. Na kama siwezi kazi, asingenidai kitu. Wazazi tisa wamekwishapita pale, akasema, wala hakuna anayewajua.

Nikasema niliogopa benchi. Hakunielewa.

Mchana, watu walipopungua, Générose alikaa mbele yangu akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani.

"Mwaka wa sabini na mbili, vita ilipotukuta kwetu, tulikimbia na mama," alisema. "Baba alibaki nyuma afunge mlango. Mpaka leo sijui alilala wapi. Sikumlilia, maana hatukuwa na uhakika. Jana nilikulilia wewe, na yeye nikamlilia hapo hapo. Nikasema angalau huyu nitauona mwili wake."

Nikaanza kulikunja lile blanketi alilonipa.

"Elfu nne, Baba Provi," alisema. Akainuka kwenda kuwarudishia watu unga wao.

Jumatano, 11 Juni

Watu wamekataa kuchukua rambirambi zao, unga na fedha. Wanasema ukishatoa kwenye msiba hurudishi mfukoni, ni mkosi. Générose amezibeba zote mpaka shuleni. Zimetosha safari ya Providence na ya watoto wengine watatu. Mwalimu hakutaja ni akina nani.

Mimi naezeka jiko la shule. Hakuna aliyeniagiza. Cyriaque amekuja kunishikia ngazi. Alishika saa nzima, na mimi juu nikawa nafunga nyasi zilizokwisha kufungwa, ili nisishuke.

Jumapili, 15 Juni

Wamerudi! Nafasi ya pili mkoa mzima! Lori lilipoingia, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Providence alishuka, akamkumbatia mama yake. Mimi alinipa mkono, kama mgeni. Lakini hakuutoa haraka. Nikaushika mpaka tukafika nyumbani, naye akaniacha nishike. Mlangoni akaniambia, "Baba, usife tena."

Nikaapa. Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Générose: kuanzia leo, jambo lolote la shule nitakwenda ofisini kwa miguu yangu, mchana kweupe, nitasema ukweli.

Jumatatu, 16 Juni

Karatasi nyingine. Darasa la sita litakwenda mbuga ya Katavi kuona viboko, mwezi ujao. Shilingi elfu mbili. Chini, kwa mkono uleule: asiye na uwezo afike.

Nimevaa shati safi nikatoka. Générose amenisindikiza kwa macho mpaka njia panda. Nimefika mlangoni mwa ofisi, nikainua mkono nibishe hodi. Ndani nikasikia sauti za wazazi wengine, wanacheka na mwalimu. Mkono ukashuka wenyewe.

Nimekaa nyuma ya madarasa, nimefikiri kwa utulivu. Kiapo changu kilihusu kufa. Sasa, mtoto ambaye familia yake inahamia Kapalamsenga kwenye uvuvi hawezi kudaiwa safari ya mwezi ujao. Tena mwalimu mwenye huruma atasema aende na wenzake bure, iwe zawadi ya kuagana.

Nimeianza barua. Kwa mkono wa kulia safari hii, ili iwe ya kweli. Kuhama si kufa. Hakuna atakayelia.