Maiti Aliyekosa Mazishi Yake

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbili kabla ya onyesho. Nina sehemu kubwa kuliko wote. Mchezo mzima ni mimi: baba amekufa, watoto wanagombea nyumba, baba ndiye mimi. Sina neno hata moja la kusema, lakini bila mimi wangegombea nini? Fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo hapa kwenye kiwanda cha matofali, alisema mwenyewe kwamba maiti ndiye msingi wa mchezo. Nimemwambia mke wangu kwa simu. Akauliza nitarudi nyumbani lini.

Leo nimefanya jambo ambalo mwingine asingelifikiria. Mpishi wa kantini, anayeigiza mjane wangu, hunishika mkono akilia kwamba nimepoa, nimepoa, na mkono wenyewe una joto kama pasi. Uongo mtupu! Basi baada ya kazi nimejilaza saa mbili nzima juu ya matofali mabichi yaliyomwagiwa maji, kifua wazi, nijifunze ubaridi. Dereva wa lori akapita. Huyu ndiye mwanangu mkubwa mchezoni, ingawa amenizidi umri. Akauliza kama nimefukuzwa chumbani. Sikumjibu. Maiti hajibu.

Jumamosi, 8 Machi

Homa! Kifua kinawaka, kikohozi kinanikunja kama jamvi. Asubuhi nimejikokota hadi zahanati. Nesi amenipa vidonge, akasema nikalale. Nimemwuliza kama jioni naweza kuwa maiti. Akaniangalia, akanipima homa upya.

Kulala chini ya shuka naweza. Ninachoshindwa ni kutokohoa.

Ujumbe kwa wenzangu wa kikundi sikutuma. Niandike ukweli, daftari hili hakuna anayelisoma. Simu ilikuwa mkononi. Lakini nikawaza: wakikosa habari watahangaika, wataahirisha, watakuja wote humu chumbani na nguo zao za maigizo, mjane mbele. Nimefanya hata mazoezi ya kugeuza shingo mlangoni, taratibu, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Saa kumi na mbili jioni. Hajaja mtu. Sasa nafsi inanisuta. Mpishi amefunga kantini mapema kwa ajili ya leo. Fundi ameshona pazia kwa mkono, yeye ambaye vidole vyake vimezoea moto tu. Miezi mitatu ya mazoezi! Ukumbi umejaa, kitanda kitupu, mwanamke wa watu analilia godoro. Nimetoa machozi. Labda ni homa.

Jumapili, 9 Machi

Wameigiza. Wameigiza bila mimi!

Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari, ameegemea mlango wangu, anachokonoa meno. Anasema walinisubiri dakika ishirini, kisha yeye, yeye!, akapata wazo. Mifuko miwili ya saruji kitandani, mmoja nyuma ya mwingine. Helmeti ya kazini mahali pa kichwa. Shuka juu. Basi. Watu wamelia. Mzee mmoja amepanda jukwaani kuipa familia pole. Na ulipofika wakati wa kubeba maiti, wanaume wanne wametoka jasho la kweli, ukumbi mzima ukasimama kwa heshima.

"Wewe ulikuwa mwepesi mno, baba," akaniambia. Ananiita baba hata nje ya mchezo, kwa kejeli.

Na mimi nililia! Nilimwaga machozi kwa ajili ya watu hawa!

Jioni mke wangu kapiga simu, amefurahi. Picha imemfikia, sijui kwa mkono wa nani. Anasema baba watoto umelala vizuri, umetulia, tena umenenepa, kumbe huko mnakula. Nimeshindwa kumwambia kwamba anasifu saruji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kazini na hadithi tayari: nilianguka, nikazimia, nikalazwa zahanati, nilipozinduka onyesho lilikuwa limekwisha. Nimeisimulia kantini wakati wa chakula, polepole, mkono kifuani. Mpishi akaweka upawa chini. Wawili wakasema pole sana ndugu yetu. Nikaona mzigo unashuka.

Ndipo Fundi akauliza, bila hasira yoyote, kama nilitoka zahanati siku gani. Jana, nikasema. Akasema ajabu, maana nesi wa zahanati alikaa mstari wa mbele, akamwuliza yeye Fundi yuko wapi yule mgonjwa wake aliyetaka kuwa maiti, aliyempa vidonge asubuhi akaondoka kwa miguu yake.

 Mpishi akaokota upawa wake.

Fundi akasema kuumwa si kosa, kila mwenye mwili huumwa. Kosa ni kuwaacha watu kumi wakitazama mlango. Neno moja lingetosha. Onyesho la pili ni Jumamosi, na wataendelea na mifuko.

Nimekasirika! Angepiga kelele ningejua la kumjibu. Na nesi naye, nani alimtuma kupenda maigizo?

Mchana msimamizi akaagiza saruji ichanganywe. Mifuko miwili ya juu nimeitambua: mmoja una pini ya shuka bado. Nimeichana mwenyewe kwa koleo. Kufika jioni aliyenichukulia nafasi yangu alikuwa matofali sitini uwanjani, na mimi nimeambiwa niwe nayanywesha maji asubuhi na jioni yasipasuke. Mimi! Namwuguza!

Jumatano, 12 Machi

Nimemwandikia Fundi barua ya kuomba radhi. Mistari minne ilitoka vizuri, ya moyoni kabisa. Mstari wa tano nikamtaja dereva wa lori. Ukurasa ukajaa, na wa pili. Nimeichana.

Huku ugenini nilikuwa na vitu viwili: kitanda changu na kile kitanda cha jukwaani. Miaka minne nimebeba matofali, hakuna aliyewahi kuniuliza hali. Kwenye mazoezi watu kumi walinizunguka wakilia kwamba nimeondoka mapema mno. Wanajua wanachoninyang'anya? Hawajui. Na sitawaambia.

Kuficha mifuko hakusaidii. Ghala zima ni saruji. Lakini nina wazo. Ni wazo zuri sana.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimelala upande mmoja. Ule mwingine unauma.

Saa tisa alasiri niliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Maiti yao imeshapangwa kitandani. Nikaisukumia mvunguni, nusura nivunjike kiuno. Nikavaa helmeti, nikajifunika shuka, nikatulia. Saa tatu nzima nimelala pale, jasho linanitiririka, kikohozi nakimeza. Hakuna mfuko ambao ungeweza kazi hiyo!

Mchezo ukaanza. Mjane akaniangukia kifuani, akasita katikati ya kilio. Akanong'ona kama ni mimi. Nikamnong'oneza aendelee. Ameendelea! Hajawahi kulia vile, nadhani kwa hofu. Nikajua nimerudi nyumbani.

Akaja mwanangu. Kumbe tangu waweke saruji amejifunza kumpigapiga maiti ngumi akiuliza kwa nini hakuacha wosia, kwa sababu vumbi linafuka na watazamaji wanapenda. Mimi nitajulia wapi? Ngumi ya kwanza nilivumilia. Niandike hilo wazi. Ya pili pia nilivumilia. Ya tatu ilitua juu ya kikohozi.

Nikaketi kitandani. Helmeti ikabingirika hadi miguuni mwa nesi. Nikamwambia dereva wa lori, kwa sauti iliyofika mlangoni, kwamba nyumba hapati, hata choo hapati.

Waliokuwa karibu na mlango walikimbia. Waliobaki walicheka hadi wakashikana mabega. Mjane alikaa chini, akajifunika uso kwa khanga. Mwanangu akaniuliza mbele za watu kama nina akili timamu. Mchezo ukaishia hapo, maana nani atarithi nini kama baba yupo?

Fundi hakupiga kelele leo pia. Alikaa juu ya kitanda changu cha jukwaani, akatoa karatasi mfukoni. Mchezo unaofuata. Alikuwa ameniandikia sehemu ya daktari. Mistari kumi na miwili ya kusema, kwa sababu sikuwahi kukosa mazoezi hata siku moja. Alitaka kunipa Jumamosi iliyopita, baada ya onyesho. Hata leo asubuhi alikuwa bado anafikiri anipe, hasira zikiisha.

Kisha akamwita dereva wa lori, akampa yeye. Mimi akasema nisirudi.

Kumi na miwili!

Jumapili, 16 Machi

Nafsi imenisuta tangu alfajiri. Sikunywa hata chai. Niliona nyuso za wote, mmoja mmoja. Nikasema nitakwenda, nitapiga magoti, sitajitetea.

Imenisuta hadi saa nne. Kisha nikafikiri vizuri.

Watu walicheka. Watu hawajawahi kucheka vile katika kikundi hiki. Ni nani aliyewachekesha? Kosa la Fundi ni kumpa mtu kama mimi sehemu isiyo na maneno. Niliishia darasa la sita, lakini kuandika najua.

Nimeanza mchezo wangu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza wanakufa wote. Dereva wa lori anakufa wa kwanza, na anakufa vibaya. Nabaki mimi peke yangu jukwaani, hai, na nina mengi ya kusema. Maiti ni kumi. Bado sijamwuliza mtu, lakini watakubali, maana kulala si kazi.

Mchana nimebandika tangazo mlangoni mwa kantini. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi jioni, kila maiti aje na shuka lake. Na kwa chini, kwa herufi kubwa, nimeongeza sharti ili tusije tukasumbuana: udhuru wa ugonjwa haukubaliki.