Viatu Kabla ya Uso

Jumatatu, 7 Mei 1951
Nimegundua siri ya sinema za wauaji. Yote imo mwanzoni! Juzi nilitazama kwa makini. Kwanza viatu, vinatembea barabarani penye maji. Uso tunanyimwa. Halafu kivuli ukutani, kirefu kuliko mwenyewe. Kinanda kinanguruma chini. Halafu kitasa cha mlango, kimesogezwa karibu mpaka kinajaza kitambaa chote cheupe cha sinema. Kanuni yangu: anayeonyeshwa viatu kabla ya uso ndiye muuaji.

Kwa hiyo kipaza sauti cha ukumbi wa reli ni haki yangu. Sasa anacho Ogola wa karakana, anayetufasiria Kiingereza cha sinema. Fasiri gani! Mtu ananyemelewa, yeye anasema tu kwamba huyu anaogopa. Nimemwomba bwana wa ukumbi anijaribu. Amekubali: Jumamosi nianze mimi, Ogola amalizie, watu wachague. Mke wangu Milcah ameuliza kama kazi hiyo inaleta unga.

Jumatano, 9 Mei
Ogola amekuja stoo ya mizigo, kazini kwangu, kunitakia heri. Heri ya nini? Kivuli chake kiliingia kwanza, halafu viatu, ndipo uso. Mpangilio ule ule! Na mwanga ulimpiga shavu moja tu. Dirisha liko upande huo, sawa. Lakini mbona hakusimama kwingine?

Ijumaa, 11 Mei
Nimemnasa! Sinema imefika kwa treni kutoka Eldoret, mikanda miwili ndani ya mikebe miwili. Nilijificha nyuma ya magunia ya pareto. Ogola na Kosgei, fundi wa mashine ya sinema, wakafungua mikebe. Mkanda wa mkebe wa kwanza wakautia wa pili, wa pili wakautia wa kwanza. Wakacheka! Wanataka nianze na mwisho, niaibike mbele ya watu. Dawa ya moto ni moto. Walipoenda kunywa chai, nilirudisha kila mkanda mahali pake.

Jumamosi, 12 Mei
Aibu! Ukumbi umejaa hadi madirishani, Milcah benchi la mbele. Taa zikazimwa. Hakuna jina la sinema! Nikatangaza kwamba hiyo ni mbinu mpya. Askari wakamtia mtu pingu, uso wake wazi kabisa. Nikawaambia huyu si muuaji, uso tumepewa mapema mno. Akakiri. Nikasema anadanganya. Akafungwa jela. Nikasema subirini viatu. Niliwaahidi viatu mpaka kitambaa kikaandika kwamba sinema imekwisha. Mzee mmoja akauliza, kama huo ndio mwanzo, mwisho tutauona mwaka gani.

Kosgei akatia mkanda mwingine. Ogola akashika kipaza sauti. "Jamaa, muuaji tunamjua tayari," alisema. "Sasa tumwangalie akija."

Na viatu vikatokea! Ukumbi mzima ukaanza kumpigia kelele yule bibi wa kwenye sinema: "Mama, funga mlango! Ndiye huyo!" Milcah alipanda juu ya benchi. Hata mimi nilisimama. Hawajawahi kuogopa hivyo. Wakamchagua Ogola kwa vifijo. Nilikitaka kile kipaza sauti, jamani. Roho inaniuma.

Jumapili, 13 Mei
Baada ya kanisa Kosgei amenieleza. Eti watu wa Eldoret hawana mpango, kila mara wanarudisha mikanda katika mikebe isiyo yake. Eti Ogola huipanga upya kila Ijumaa, na safari hii aliipanga ili mimi nianze vizuri. Hadithi tamu. Tamu mno!

Jioni hatua zimesimama mlangoni. Nikachungulia chini ya mlango. Viatu! Uso hakuna! Nikaingia chini ya kitanda upesi. Milcah akafungua: Ogola, na chupa ya maziwa ya Subukia, amekuja kunipa pole. Milcah akasema nimetoka. Wakanywa chai, wakacheka.

Nimekaa kule chini nikiwatazama kwa makini. Viatu vya Ogola, uso hakuna. Viatu vya Milcah, uso hakuna.

Kumbe wako wawili!