Mikono ya Gari la Springi

Redio ya Bi Kahawa ina tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo la maana. Asubuhi hiyo ilikohoa, vikombe vikasimama hewani, na mtangazaji akasema kwamba barabara ya kupanda kilimani itatengenezwa. Mkubwa wa barabara mwenyewe atakuja Alhamisi kuikagua.

Benchi zima la wanywaji kahawa likamgeukia Springi, mwenye gari pekee linalopanda kilimani.

Springi alikuwa na haki ya kununa. Juzi tu alikuwa amechukua gari lake kwenye karakana ya Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara. Cheche alikuwa ameing'oa ile mikono ya chuma inayoishika ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachobeba matairi mawili, akaunda mingine mirefu zaidi, na mahali pa bushi ngumu za mpira akaweka jointi za kuzunguka, ili kila tairi liende linakotaka bila kuuliza ruhusa ya mwenzake. Akarefusha na mpira wa breki, maana ekseli ikining'inia kuliko ilivyozoea, mpira mfupi unakatika. Kazi yote hiyo ilifanywa kwa ajili ya mtu mmoja tu: mama mkwe wa Springi, anayekaa juu kabisa ya kilima na mwenye nyonga mbovu. Mara ya mwisho kupanda gari la mkwewe alirushwa mpaka kichwa kikagonga paa, akashuka akasema, kwa adabu zote za ukweni, kwamba siku nyingine ni bora aje na punda.

"Pole sana," Wakili akamwambia. Huyu Wakili hajawahi kuiona mahakama ila siku aliyoitwa shahidi wa kuku aliyeibwa, lakini hakuna kesi ya benchi inayokwisha bila hukumu yake. "Umenunua mwavuli, mvua imekatika."

Springi akamjibu kuwa barabara ile inatengenezwa redioni tangu yeye hajaota ndevu, na kama maneno yangekuwa lami, kilimani kungekuwa na njia sita. Cheche naye akaitetea kazi yake.

"Tairi moja likiwa shimoni na jingine juu ya jiwe, bodi inabaki imetulia," alisema. "Aliye ndani anaweza kunyoa ndevu."

"Mama mkwe wake hana ndevu," Bi Kahawa akasema, akimwongeza Cheche kahawa.

Wakili akatoa hukumu kwamba gari lenye viungo vilivyolegea linaitwa gari bovu, hata fundi akilipa jina la kizungu. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Springi hakujali, kwa sababu jana yake alikuwa amempandisha mama mkwe mpaka mlangoni, na yule mama alishuka bila kushika kiuno, akamwita "baba" kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake. Neno hilo moja lilimtosha kulala na tabasamu.

Alhamisi mheshimiwa huyo wa barabara akaja na gari dogo jeusi linalong'aa, tumbo likikaribia kulamba ardhi. Kwenye korongo la kwanza likakaa kitako, likagoma. Watu wakasukuma, wakashauri, wakasukuma tena kwa kinyume cha ushauri, halikutoka. Ndipo benchi zima likamkumbuka Springi, na kwa dakika chache hakuna aliyekuwa na jina zuri kuliko yeye.

Alimpandisha mheshimiwa kwa ustadi wote aliojaliwa. Nyuma yao matairi yalikuwa yakicheza ngoma, moja likizama, jingine likipaa, mikono ya Cheche ikijikunja na kujinyoosha, na ndani kulikuwa na utulivu wa chumba cha mgonjwa. Springi alijaa fahari kiasi cha kusahau kabisa safari ilikuwa ya nini. Alipogeuka kumwonyesha mgeni wake korongo kubwa kuliko yote, mheshimiwa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Aliamka kilimani, mbele ya watu waliokusanyika kumpokea, akajinyoosha.

"Tumeshafika? Barabara nzuri hii. Wapo wenye shida kuliko ninyi."

Jioni ile benchini hapakuwa na wa kumwongeza Springi kahawa. Wakili alisema katika maisha yake ameona mtu akila chakula cha wenzake, lakini mtu kula barabara ya kijiji kizima kwa mikono minne ya chuma, hilo ni jipya. Springi akamtazama Cheche apate msaada. Cheche akatazama viatu vyake.

Mama mkwe hakugombana na mtu. Aliteremka taratibu kwa miguu na nyonga yake, akaenda mpaka ofisini kwa mheshimiwa, akakaa mlangoni. Siku ya kwanza wakamwambia aje kesho. Akasema sawa, akaendelea kukaa. Siku ya pili mheshimiwa akachoka kumruka kila anapotoka, akakubali kuja kukagua tena. Ndipo yule mama akapitia benchini, akamwita mkwewe pembeni, lakini si mbali kiasi cha benchi kukosa kusikia.

"Baba, gari lako linanifaa. Sijawahi kupanda kitu kizuri namna ile. Lakini mimi ni mtu mmoja, na kilimani kuna wajawazito na wazee wasio na mkwe mwenye gari. Lifanye lirushe kama zamani."

Moyo ulimuuma Springi. Angeweza kumbishia Wakili mpaka usiku, lakini mama mkwe habishiwi, hasa akiwa na haki. Akalirudisha gari kwa Cheche. Cheche akaitoa mikono mirefu, akairudisha ile mifupi ya zamani na bushi zake ngumu, akakaza bolti mpaka ekseli ikawa haisogei hata kwa kubembelezwa. Springi alisimama nje, kwa kuwa hakuweza kutazama. Wakili akapita akatikisa bodi kwa mkono, akarudi akitikisika yeye.

Safari ya pili mheshimiwa hakulala. Kwenye korongo la kwanza alikutana na paa, kwenye la pili alikutana nalo tena, na kutoka hapo wakawa wamezoeana. Miwani ikahamia kiti cha nyuma. Springi naye alikuwa anaumia, ila kila kishindo alikihesabu kuwa ni kokoto moja ya barabara mpya. Walipofika juu, mheshimiwa alishuka kwa vituo, mkono mmoja kichwani, mwingine kiunoni. Watu walikuwa wakimsubiri.

"Barabara haina neno," akasema. "Nilishaikagua. Tatizo ni gari. Bwana huyu asibebe mtu yeyote ndani ya kitu hiki mpaka akitengeneze. Hiyo ni amri."

Springi aliona giza. Amepoteza barabara, amepoteza na mikono. Akageuka kumtazama mama mkwe, akategemea kukuta machozi, akamkuta anafunga vizuri kanga yake kama mtu anayejiandaa kwa shughuli.

"Umesikia amri, baba," akamwambia. "Toa ufunguo. Msindikize mgeni."

Springi ni mtu wa kutii sheria. Akafunga gari, akachukua mkoba wa mheshimiwa kwa heshima zote, akamwonyesha njia. Mheshimiwa alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Akatazama huku na huku akitafuta gari jingine. Halikuwepo, kwa sababu hakuna gari jingine linalofika.

Wakaanza kushuka. Springi alikuwa mwenyeji mwema, kila korongo alilitaja kwa jina lake, na lile liitwalo la Mchungaji akalielezea na kisa chake. Mheshimiwa aliteleza kwenye la Mchungaji, akaacha kiatu kwenye tope la lile linalofuata, akatambaa kwa mikono na magoti penye mawe, pale ambapo safari ya kwanza alikoroma.

Walipofika benchini, watu walisogea wakampa nafasi. Bi Kahawa akampa kikombe. Mheshimiwa akanywa, akavua kiatu kilichobaki, akamwaga changarawe chini.

"Hivi," akauliza kwa hasira, "nani anasimamia barabara hii?"

Wakili akaweka kikombe chake chini taratibu.

"Ni wewe, mheshimiwa."