Kuponywa kwa Kaka Yangu Bila Idhini ya Kamati

Kwa Mkuu wa Kliniki ya Utumbo,
Hospitali Kuu.

Ndugu Mkuu,

Pole na kazi, ingawa barua hii imekusudia kukuongezea.

Mimi ni mtunza stoo mstaafu, na ni Mwenyekiti wa Kamati ya Ugonjwa ya ukoo wetu. Mtu wetu akilazwa, sisi ndio tunaopanga nani alale wodini, nani apeleke uji, nani aazime viti, na nani amzuie shangazi asianze kulia kabla daktari hajafungua mdomo. Hatujawahi kulalamikiwa. Sasa kliniki yako imemponya kaka yangu bila kutushirikisha, na watu wameanza kuuliza kamati ni ya nini. Jumapili kuna kikao cha kuivunja. Naomba maelezo yako yanifikie kabla ya hapo.

Kaka yangu ni fundi saa. Alianza kuona damu chooni, akaenda hospitali ndogo ya karibu, daktari kijana akampitisha kamera kwa njia ya haja kubwa. Akakuta kwenye utumbo mpana kinyama kilichoota ndani, wenyewe mnakiita polipu, kikubwa karibu kama yai. Akasema kwa anavyokiona si saratani, lakini kikiachwa kinaweza kugeuka. Makosa yalianzia hapo, nami nayaorodhesha.

1. Daktari yule alikiona akakiacha. Hakukimega hata kipande. Eti kikimegwamegwa kinafanya kovu, na kovu linamharibia kazi atakayekuja kukiondoa chote. Akakipiga picha, akazituma kwenu siku ileile pamoja na rufaa. Ndugu Mkuu, rufaa gani hiyo? Rufaa tunayoijua sisi hukaa mezani kwa mtu, mtu mwenyewe akaenda likizo, karatasi ikapata doa la chai, na ndugu wa mbali wakapata nafasi ya kufika. Yenu ilitukuta hata viti hatujaazima.

2. Mlikaa kikao bila sisi. Nasikia kila wiki wataalamu wenu hukutana, wa kamera, wa upasuaji na wa maabara, wakazitazama picha za namna hiyo ukutani na kushauriana nani anafaa kutibiwa vipi. Kamati yetu ilikuwa imeshaamua kwamba apasuliwe na utumbo ukatwe. Uamuzi ulipita kwa sauti moja. Kaka alikuwa na maoni tofauti, lakini kwa utaratibu wetu mgonjwa hapigi kura.

3. Dawa ya kusafisha tumbo. Tulikwenda kumfariji siku moja kabla ya matibabu yenu, sebule ikajaa, watu wamevaa vizuri na nyuso wamezikunja inavyostahili. Mgonjwa hakukaa nasi hata kidogo. Kila shangazi alipoanza kumpa moyo, alinyanyuka akakimbia. Nyumba ina choo kimoja, na shangazi naye ni binadamu, ikabidi aende kuomba kwa jirani. Mpaka leo jirani anauliza tulikuwa na shughuli gani.

4. Hakuna kovu. Mlipita kwa njia ileile ya kamera, mkachoma sindano ya maji chini ya kile kinyama kikanyanyuka, mkakikata kwa waya vipande vipande hadi kikaisha. Kesho yake mtu karudi kazini. Watu waliokuja kumjulia hali walimkuta mezani, lenzi jichoni, na mzee mmoja aliyeleta pole aliondoka ameacha saa yake itengenezwe. Wanamuuliza amekatwa wapi, hana cha kuwaonyesha. Nilimwomba angalau ajilaze mpaka wageni waishe. Mkewe akanijibu mbele ya watu wote: "Shemeji, kama unataka mgonjwa, lala wewe."

5. Dada yetu mkubwa naye aliota kinyama kama hicho, miaka ya nyuma. Kwake mambo yalifuata utaratibu. Alimegwa, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa asubiri, karatasi zake zikazunguka. Alipofika mikononi mwa mtu aliyeweza kumtibu, kilikuwa kimeshageuka. Kamati haikumkosea kwa lolote. Hakulala peke yake wodini hata siku moja, mashuka niliyakagua mwenyewe, na msibani watu walisema hawajaona mambo yaliyopangwa vizuri kama yale. Nilijifariji kwa maneno hayo muda mrefu. Sikujua kwamba kulikuwa na njia nyingine. Sasa nyinyi mmenionyesha kwamba ipo, nami nampenda dada yangu, na sijui habari hiyo niipeleke wapi. Naona hili si lalamiko, lakini nimeshaliwekea namba.

6. Nesi wenu ana kiherehere. Kwanza amemtaka kaka arudi baada ya miezi sita, mkatazame pale mlipokata kama kuna kilichobaki. Mtu mzima wa afya arudi hospitali kufanya nini? Pili, anatupigia simu sote tuliozaliwa tumbo moja, eti kwa kuwa wawili wameota vinyama, na sisi wengine tuje tutazamwe. Tangu lini ugonjwa ukatafutwa kwa simu? Na Mwenyekiti akipatikana naye, kamati itaongozwa na nani?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mgonjwa wetu yeyote alazwe walau wiki nzima, anyong'onyee kidogo. Kamati ipewe kiti kwenye kikao chenu, hata cha nyuma. Na simu za nesi zikome.

Wasalimie wataalamu wote, na anayesukuma vitanda, na mlinzi wa getini aliyetuzuia tusiingie wote. Nesi naye msalimie, ila kidogo. Shangazi anakusalimu. Kaka pia angekusalimu, lakini ana wateja.

Mimi niliyekosewa kwa kiasi kikubwa,

Mwenyekiti.

N.B. Nesi alipiga tena leo asubuhi, nikamkatia. Halafu nikampigia mimi. Ndugu Mkuu, mimi nami naona damu, tangu kabla ya kaka. Nimekuwa nikijiambia ni bawasiri, maana nilimwona dada alivyokwenda, na nilidhani atakayeingia mlango ule atatoka hivyohivyo. Nesi ameniuliza maswali na sikumficha kitu. Ameniambia nije Alhamisi. Kamati haijui, na tafadhali isijue. Jumapili wakitaka kuivunja, sitanyoosha mkono kupinga. Kaka atafunga duka anisindikize, yeye peke yake. Naogopa sana. Mkiona kitu, msikimege. Kipigeni picha, mkipeleke kikaoni, na mfanye haraka kama mlivyomfanyia yeye.