Boneti ya Baba Mkwe

Kibokoni, Mombasa
Mfungo Mosi, 1947

Kwa Mheshimiwa Mzee wangu na mkwe wangu, Bwana Yeslam bin Abud, Tudor.

Mzee wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Salamu zangu zikufikie wewe, shamba lako, minazi yako, na ile mashine yako mpya ya kuvutia maji, ambayo nasikia haijanyamaza tangu Rajabu. Mashaallah! Wapitao huko hunambia inanguruma hata kuku wako wamezoea kulala nayo. Sisi huku tu wazima. Hind mwanao ni mzima pia, ila hasemi nami sana, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Barua hii, Mzee wangu, ni ya malalamiko. Usinidhanie vibaya lakini. Sikulalamikii wewe, Mola aniepushe! Nailalamikia injini ya lori ulilonipa, na nakuandikia kama mtu anavyomwendea mzee wake kumshitakia mtoto mtukutu.

Utakumbuka tulivyobadilishana. Mimi nalikuwa na punda wawili na mkokoteni wao, nachukua mawe, chokaa na boriti za watu katika vichochoro vya Mji wa Kale, na nyumba yangu inakula. Ukaniita, ukanambia si sura nzuri mume wa binti yako kufuata mikia ya punda, na hali wewe una lori limekaa bure. Ukatoa lori, nikatoa punda. Lori likavutwa kutoka Tudor mpaka Kibokoni na punda wale wale, kwa kuwa hukutaka kunimalizia petroli, na jioni wakarudi kwako. Nakumbuka nilivyolisifu kwa wepesi wake. Punda hata jasho hawakutoka.

Boneti ilikuja imefungwa kwa kamba ya makumbi, mafundo juu ya mafundo. Ukanambia: hapa usijisumbue, mwanangu, mimi nimeshapaangalia. Sasa ningefanyaje? Mkwe hufunguliwa boneti mbele ya watu? Nikasema ahsante, nikakubusu mkono. Na tangu siku ile kamba haijaguswa, wallahi, maana kuifungua ni kusema baba yake Hind ni mwongo, na mimi sikulelewa hivyo.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Injini ina kiburi. Naizungusha hendeli mpaka mabega yanalia, nayo yazunguka tu, laini, haishiki popote. Injini haikohoi, haipigi chafya, haitoi hata moshi wa kuniliwaza. Nimeibembeleza kwa maneno mazuri. Nimeifukiza ubani. Hata mtu aliyekununia hufika mahali akaguna, lakini hii haiguni.

2. Ulinambia lori hili halili petroli. Hapo sina neno, ulisema kweli tupu. Debe nililotia siku ya kwanza, kwa kibali nilichokipigania foleni nzima, lingalimo lote. Ila Mzee wangu, hata mwenye kufunga magharibi ikifika hufuturu.

3. Nilimwita fundi Kingi kutoka Liwatoni, atengenezaye mashine za mashua. Akaja na mfuko wake, akaishika kamba. Nikamrukia! Nikamwambia hili ni lori la mkwe wangu, alitengeneze bila ya kufungua boneti. Akanitazama kitambo, akanitazama tena. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akatia viraka mipira, akasugua taa, akaipa honi mpira mpya wa kuminya, na milango akaipaka rangi ya kijani. Basi sasa nina lori linalodai njia kwa sauti kubwa na haliendi popote. Watoto huja kuiminya ile honi kila baada ya alasiri, na anayetukanwa ni mimi.

4. Lori limeziba mdomo wa kichochoro chetu. Mabwana harusi hupita ubavu ubavu, na kanzu zao zimefuta kutu yote ya upande wa kulia. Juma lililopita kulikuwa na maziko. Jeneza halikuweza kupita, ikabidi wachukuzi wapande lori upande huu na kushuka upande wa pili. Marehemu, ambaye maisha yake yote hakupata kupanda gari, akalipanda langu. Wafiwa walinishukuru kwa maneno ambayo adabu hainiruhusu kumwandikia mkwe.

5. Hili ndilo linaloniuma. Punda sina, lori haliendi, na kazi zangu wamezichukua wengine. Mawe ya watu sasa nayabeba kwa mabega haya haya. Juzi nilikutana na punda wangu sokoni, wanavuta nazi zako. Yule mweupe akanitambua, akasimama, akagoma kwenda, na mtu wako akampiga fimbo. Nalitaka kulia pale pale, mzigo begani. Nikarudi nyumbani, naye Hind akanipa shuruti zake: lori lisipoondoka kabla ya mwezi kuandama, ataondoka yeye, arudi Tudor kwako, na nikikuaibisha wewe kwa ajili ya lori, ataondoka vile vile, arudi Tudor kwako. Na mtoto atamchukua. Mke wangu nampenda, Mzee wangu, nasema wazi wala sioni haya. Nimelala macho nikiitafuta njia ya tatu.

Alhamdulillahi, nimeipata.

Nilijiuliza, gari bovu huondoshwaje kwa salama na kwa faida? Nikaona katika kisiwa chote hiki ni mtu mmoja tu aliyeujua ufundi huo barabara, na mtu huyo ni wewe. Basi nikaufuata mwendo wako. Nikimpa lori mgeni, la kwanza atataka kufungua boneti, maana wageni hawana haya. Yanipasa nimpate mtu mwenye heshima zake, tena aliyefungamana nami kwa ndoa. Binti yangu Nana ana miaka mitatu. Nikimngoja mumewe, lori litakuwa unga. Dada zangu wote wameolewa na watu wakaguzi wa kila kitu, hata wali huuchambua sahanini. Amebaki shangazi yangu Tumu.

Shangazi Tumu unamjua, angalau kwa sauti. Amezika waume watatu na afya yake ni ile ile. Mkate wake wa mofa hauna mfano Kibokoni nzima. Wewe nawe u mgane tangu mama yake Hind alipotutoka, Mungu amrehemu. Kwa hiyo naja mbele yako kwa unyenyekevu kukuomba umuoe.

Ukishamuoa, wewe ndiwe utakayekuwa mkwe kwetu, nasi tutakutuza lori. Litaletwa Tudor kwa ngoma na vigelegele, boneti imefungwa kwa kamba ile ile, nami nitakwambia mbele ya watu wote: hapa usijisumbue, Mzee wangu, mimi nimeshapaangalia. Na wewe, kwa unavyozijua ada za watu wa heshima, hutaifungua. Ama mahari, shangazi hataki dhahabu wala hariri. Ameridhika na punda wawili na mkokoteni wao. Mweupe lazima awemo.

Tazama jinsi kila mtu alivyopata lake. Wewe umepata mke na lori, mimi nimepata punda, Hind amebaki nyumbani mwake, kichochoro kimefunguka hata kwa maiti, na injini imerudi kwa mtu inayemwogopa. Sioni pa kutia dosari.

Nangojea jibu lako kwa hamu, na siku ya posa uitaje wewe. Nisalimie majirani wa Tudor wote, wakubwa kwa wadogo, na mtu wako wa fimbo mwambie namsalimu. Isalimie na mashine ya maji. Laiti injini yangu ingepata nusu ya adabu yake!

Ni mimi mwanao mtiifu, asiyekukagua wala kukufungulia kitu,

Abdulghafur bin Athmani

Nyongeza: Mzee wangu, barua niliiacha mezani nikaenda kusali alasiri. Hind akaisoma. Akajitanda buibui, akachukua kisu cha samaki, akashuka, akaikata kamba. Nilipotoka msikitini mtaa mzima ulikuwa umejaa pale. Ndani ya boneti mna kuku wa jirani anayeatamia mayai. Injini hamna. Hamna kabisa, hata alama ya mafuta. Kwa hiyo yote niliyoandika juu ya injini nayafuta. Haina kiburi wala kosa lolote, na naiomba radhi popote ilipo. La posa nalo tuliweke kwanza, kwa kuwa shangazi Tumu amecheka mpaka akakaa chini, na asema hakutaki. Hind anakuja Tudor kesho asubuhi. Hanikimbii mimi, anakuja kuitazama hiyo mashine ya maji kwa karibu. Nimemsihi aone haya. Amenijibu kuwa kuona haya ni kazi ya wakwe, na yeye ni mtoto wako. Ameazima spana kwa fundi Kingi, na kamba yako anakuja nayo, ya kuwafungia punda.